Uyoga Siku ya Ntheo

Siku ya soko Kajiado, mtu mwenye akili timamu hakimbii. Ukiibiwa, piga kelele ukiwa umesimama. Obura hakujua hayo. Alikuwa mpima ardhi, kijana wa shati jeupe na viatu vya ngozi vya rangi ya chai, aliyepitia sokoni kununua maji ya kunywa tu kabla hajaenda kwa mteja. Kijana mwenye kofia nyekundu akamnyakulia mkoba wa vifaa, naye akamfukuza mbio katikati ya mbuzi na kondoo. Kofia nyekundu ikapotelea nyuma ya malori. Waliogeuka kutazama wakamwona mwanamume mmoja tu anayekimbia.

"Mwizi! Shika mwizi!"

Rungu la kwanza lilimpata begani. La pili likampasua juu ya sikio, akaanguka kifudifudi kwenye kinyesi cha mbuzi. Mtu akamkanyaga mkono. Mwingine akampiga teke la mbavu, na nyuma kabisa sauti ikauliza ni nani aliye na petroli.

Mwongeli alikuwa karibu, amemfungua mbuzi dume mdomo anatazama meno. Alivaa gambuti nyeusi, aproni nyekundu na kitambaa cha samawati kichwani, na hakuna muuza mbuzi pale ambaye hakumwogopa. Kila juma alitoka Kitengela kuja kununua mbuzi wa hoteli yake ya supu. Aliuona ule mkoba ukinyakuliwa. Alijua pia kwamba kuwaambia watu wenye marungu "mimi nimeona" ni kupoteza pumzi. Akachukua fimbo ya kuswagia mbuzi, akaingia katikati ya lile kundi akichapa migongo bila kuchagua.

"Huyo ni bwana yangu! Nani amegonga bwana yangu? Ni wewe? Ama ni wewe?"

"Mama, huyu ni mwizi."

"Mwizi wa nini? Ameibiwa akakimbiza mwizi, nyinyi mnapiga mwenye mali! Mkimuua mtanioa nyinyi?"

Wachache wakacheka, na kicheko kikapunguza mkono wa wengine. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyejifunga shuka jekundu akainua rungu juu ili watu watulie. "Bwana yako anaitwa nani?" akauliza.

Mwongeli akaishusha fimbo. "Nikiwa na hasira na yeye huwa simtaji jina," akasema. "Muulize mwenyewe."

Yule mwanamume akainua uso uliojaa damu na samadi. "Naitwa Obura," akasema. "Na huyo ni mke wangu. Tafadhali msimkasirishe zaidi."

Soko likaangua kicheko. Hivyo ndivyo Obura alivyoponea chupuchupu. Dakika chache baadaye alikuwa ameketi nyuma ya pikapu pamoja na mbuzi sita, kichwa kimefungwa kitambaa cha samawati, na Mwongeli ameketi kando yake akimshikia jeraha.

"Sasa, mke wangu," Obura akasema walipoipita Isinya, "jina lako ni nani?"

"Mwongeli. Na usizoee."

Akazoea. Jeraha lilipopona akarudisha kitambaa kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi, akaagiza supu ya kichwa, akaketi kwenye meza ya pembeni mpaka jioni. Kesho yake akarudi. Siku moja mlevi alimshika Mwongeli kiuno akiwa anapita na sinia. Mwongeli akaweka sinia chini taratibu, akachukua mwiko wa sima na kumpiga nao usoni hadi jino likatoka. Roda, msichana wake wa jikoni, hakuacha hata kukata vitunguu. Alikuwa amezoea.

"Huwa unapiga kila mtu?" Obura akauliza.

"Wewe sijakupiga."

"Bado."

"Bado," Mwongeli akakubali, na akacheka kwa mara ya kwanza mbele yake. Usiku Obura alipompigia simu kumtakia usingizi mwema, Mwongeli hakukata mpaka salio likaisha.

"Jaber," Obura alikuwa akimwita kwa Kijaluo, yaani mrembo, "umekula?"

"Mwenye hoteli anaulizwa kama amekula?"

"Mwenye hoteli ndiye hulala njaa. Nakujua."

Alimjua kweli, na Mwongeli hakuwa amezoea kujulikana. Marehemu baba yake alikuwa akimpiga mama yao, Mbeke, kwa mshipi wa ngozi kila alipolewa. Mwongeli na kaka yake Nzioka walikulia chini ya kitanda wakihesabu viboko. Nzioka alikua akawa dereva wa lori la magadi, mwenye mabega mapana na maneno machache ya matusi. Mwongeli alikua akaamua kwamba hakuna mwanamume atakayemwinulia mkono kabla yeye hajamwinulia wake. Obura hakuinua mkono wala sauti. Tatizo lake lilikuwa jingine, na alilificha miezi mingi.

Lilifichuka asubuhi moja nyumbani kwake, fleti ndogo karibu na barabara kuu. Mwongeli alimkuta amesimama kwenye sinki na kikopo cha bati mkononi, anachota unga wa kahawia kwa ncha ya kisu na kuuweka chini ya ulimi.

"Hiyo ni nini?"

Obura hakudanganya. "Ni uyoga. Sio wa kupika."

Ndipo akamwambia habari za Okoth, ndugu yake mdogo, aliyekufa kwenye barabara ya Namanga ndani ya gari ambalo Obura mwenyewe alikuwa akiendesha. Baada ya mazishi, mwaka mzima alikuwa akiamka na kukuta giza limemkalia kifuani, giza la mchana kweupe. Mara mbili alikwenda kusimama ukingoni mwa barabara ileile akisubiri lori kubwa. Rafiki yake wa kazini, Melvin, ndiye aliyemletea kikopo.

"Na inakufanyia nini?"

"Sioni ndoto, sioni malaika. Naona asubuhi tu. Kabla ya hii nilikuwa sioni asubuhi."

Melvin alipokuja kula supu, Mwongeli alimhoji kama askari. Melvin alikuwa mtu wa miwani mikubwa na maneno mengi. "Shem, hii kitu inaitwa microdosing. Sio kulewa. Unachukua kidogo hata huskii. Mimi hunipa kucheka na kazi inaenda. Lakini Evalyne wangu alijaribu wiki moja akawa analia akiona nguo zimeanikwa. Akaacha. Kila mtu na kichwa yake."

Mwongeli hakuwa mtu wa kusimuliwa. Asubuhi moja akajaribu mwenyewe, ila mtu aliyezoea kutia chumvi kwa kiganja hajui kupima kwa ncha ya kisu. Akachota nusu kijiko cha chai kwenye kikopo cha Obura. Akiwa jikoni mwa hoteli, panga la kukatia vichwa likaanza kulia kila lilipogonga gogo. Ukuta ukapumua. Kwenye msumari ambapo aproni huning'inia akauona mshipi wa baba yake, bizimu lake la shaba na yote, ukijikunjua wenyewe taratibu. Roda alimgusa bega kumuuliza kama maji yamechemka, naye akageuka na panga. Liliikata hewa na kipande cha kitambaa cha Roda. Msichana wa watu akakimbia hadi barabarani akipiga mayowe.

Jioni, kichwa kilipotulia, akaenda kwa Obura na kumgongea mlango kwa ngumi.

"Leo ningeua mtoto wa watu! Chagua. Mimi ama huo uyoga."

"Mwongeli, mimi hunisaidia."

"Na mimi hunionyesha baba yangu! Chagua, Obura."

Obura akampa kikopo. Akamwomba kitu kimoja tu, autupe mbali asipoweza kuupata tena. Mwongeli akaahidi. Usiku ule akamwambia kwa simu kwamba ameutupa chooni.

Hakuutupa. Hapa ndipo mapenzi yalipomfanya mjinga. Alisimama na kikopo mlangoni mwa choo, akamwaza Obura ukingoni mwa barabara ya Namanga akisubiri lori, na mkono ukakataa. Je, giza likirudi? Je, akihitaji siku moja tu? Akakificha nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Noonkopir, alikokuwa akiishi naye, juu kabisa ya kabati la jikoni, nyuma ya mkebe wa olkiloriti. Olkiloriti ni unga wa gome ambao Wamaasai hutia kwenye supu ili mtu awe mkakamavu, na nyumba ya wauza supu haikosi. Unga wa kahawia nyuma ya unga wa kahawia. Akashuka kwenye kiti, akajipangusa mikono.

Obura alipotangaza kwamba analeta mbuzi wa ntheo, nyumba iligawanyika. Kwa Wakamba, ntheo ndiyo ndoa. Mbuzi wakiletwa na dume akachinjwa, binti amekwenda, hata kama harusi ya kanisani itachukua miaka kumi. Bila damu ile, hata akizaa watoto saba, bado anahesabiwa ni msichana wa kwao. Na kwa kuwa baba alikuwa kaburini, wa kuipokea au kuikataa alikuwa Nzioka.

"Simtaki," Nzioka akasema. "Mtu kimya vile. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Baba hakuwa kimya," Mwongeli akamjibu, "na mshindo tuliusikia."

Hatimaye Nzioka akakubali walete mbuzi, ila akasema atamtazama huyo mtu machoni, na asipompenda atawarudisha mbuzi wakiwa hai.

Jioni ya kuamkia ntheo, simu ya Obura ilikuwa ya utani mtupu. "Jaber, naogopa shemeji kuliko yale marungu ya Kajiado."

"Nzioka ni kelele tu."

"Ungekuwa hujatupa kile kikopo tungempa ncha moja ya kisu, akatulia, akanikumbatia."

Mwongeli akacheka, kisha akakikumbuka kikopo kilicho juu ya kabati. "Wacha ujinga," akasema. "Lala, mpenzi."

Siku ya ntheo ilikuwa na jua kali. Mwongeli alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, nywele zimesukwa upya, mguuni viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga damu ya mbuzi. Obura alikuja na mjomba wake Omolo, Melvin, na mbuzi watatu waliofungwa utepe shingoni. Alivaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri hata Mbeke akamnong'oneza binti yake, "Huyu ni mzuri kushinda baba yako alipokuwa mzuri." Nzioka akamchinja dume mwenyewe, kwa pigo moja, akimtazama Obura machoni. Obura hakukwepa macho. Nzioka akaitikia kidogo kwa kichwa, na Mwongeli aliona kutoka dirishani kwamba kaka yake ameanza kulegea. Furaha ilimjaa mpaka akasahau chungu jikoni.

Nyama ikaiva, supu ikagawanywa. Wanaume waliingia jikoni na kutoka, huyu anatafuta chumvi, yule pilipili. Obura naye aliingia kuomba maji ya kunywa. Nzioka akanywa supu yake kwenye kikombe kikubwa cha bati, akaongeza, akanywa tena, akijisifu kwamba supu ya kwao si ya watoto.

Mazungumzo yalipokuwa yamekolea, Nzioka akaacha kuongea. Jasho likamtoka. Akacheka peke yake, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kisha akamkazia macho Obura aliyeketi ng'ambo ya meza.

"Umerudi?" akauliza.

Watu wakadhani ni utani. Omolo akacheka kwa heshima.

"Mzee, nakuuliza. Si tulikuzika? Umevaa suti ukafikiri sitakujua?"

"Shemeji," Obura akasema akiinuka polepole, mikono mbele, "ni mimi, Obura."

"Leo humpigi mama!"

Kisu cha kukatia nyama kilikuwa kwenye sinia. Pigo la kwanza lilishuka kwenye mkono wa kushoto ambao Obura aliuinua kujikinga, na vidole viwili vikaanguka kwenye sinia katikati ya mbavu za mbuzi. La pili likazama ubavuni, suti ya kijivu ikawa nyeusi. Mbeke akapiga yowe ambalo Mwongeli alikuwa hajalisikia tangu utotoni. Meza ikapinduka. Obura akaenda chini na Nzioka juu yake, kisu kimeinuliwa mara ya tatu.

Mwongeli akachukua kigoda cha mti na kumpiga nacho kaka yake kichwani kwa nguvu zake zote. Kigoda kikapasuka. Nzioka akageuka, damu inamtiririka machoni, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto wa chini ya kitanda. Alikuwa akilia. "Mwongeli, kimbia!" akamwambia. "Mimi nimemshika! Kimbia!"

Mwongeli akampiga tena. Alipoanguka, wanaume wakamfunga kwa kamba ya mbuzi. Lakini alikuwa amekwisha kusema, kati ya kilio na kilio, kwamba supu ilikuwa na kitu, kwamba ukuta unaongea. Hilo likatosha. "Wamemlisha dawa!" mtu akapaza sauti, na vijana wa mtaa walioalikwa kula wakawageukia wageni. Omolo alivunjiwa kiti mgongoni. Melvin aliruka ua wa seng'enge na kuacha kiatu kimoja na nusu ya suruali. Mtu akampiga teke Obura akiwa chini anavuja damu, na Mwongeli akamuuma huyo mtu mkono hadi kwenye mfupa. Alipoinama kumfunga Obura ubavu kwa kitenge chake, akakiona pale kwenye vumbi, kando ya kiti alichokuwa amekalia Obura. Kikopo cha bati. Kilikuwa kitupu.

Polisi wakamchukua Nzioka. Obura akapelekwa hospitali, akashonwa, akapona kifo kwa tundu la sindano. Alipofungua macho, Mwongeli alikuwa ameketi hapo, nguo imekauka damu, kikopo mkononi.

"Uliweka?"

"Niliweka nini?" Sauti ya Obura ilikuwa nyembamba. Kisha akakiona kikopo. "Hicho... uliniambia ulitupa."

"Ulikipata jikoni ulipoomba maji. Ukampa kaka yangu atulie. Ulisema mwenyewe kwa simu!"

"Mwongeli, ule ulikuwa mzaha."

"Nzioka ako kwa cell! Mama yangu hali, hanywi! Mzaha?"

"Ulikitunza," Obura akasema polepole. "Ulinidanganya, ukakitunza."

Mtu mwenye kosa lake moyoni hukasirika mara mbili. Mwongeli akamzaba kofi, mgonjwa kitandani, mkono umefungwa bandeji kama ngumi nyeupe. Muuguzi akamtoa wodini kwa kumsukuma. Nje ya lango aliifuta namba ya Obura, akaketi juu ya ukingo wa mtaro na kulia mpaka watu wakadhani amefiwa.

Alipokwenda kumtazama Nzioka rumande, Kajiado, ilikuwa imepita juma zima. Kaka yake alikuwa amekonda, mshono kichwani, macho yametulia sana.

"Ataishi?" ndilo swali lake la kwanza.

"Ataishi."

Nzioka akapumua. "Naweza kukuuliza kitu? Ile olkiloriti nyingine, ile ya nyuma ya mkebe, mlinunua wapi? Nilitia vijiko viwili kwa kikombe yangu juu ile ya mbele ilikuwa imebaki kidogo. Ilinuka udongo. Nikakuja nayo mezani niwaonjeshe, nikaona hapana, acha nimalize mwenyewe."

Mwongeli akashika nyavu za dirisha la kuzungumzia.

"Sikuona Obura," Nzioka akaendelea. "Nakuapia. Niliona baba anainuka amkamate mama. Na mimi nilikuwa mkubwa, Mwongeli. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mkubwa kumshinda. Nilifurahi." Akafunika uso. "Nilifurahi nikikata."

Mwongeli akamwambia yote pale pale, mbele ya askari aliyejifanya hasikii: kikopo, choo, uwongo wa simu, kofi la hospitali. Kisha akatoka moja kwa moja kwenda Kitengela, kwa Obura, aliyekuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Akagonga. Obura akafungua mlango, ndevu zimemea, shati limefungwa vifungo vya kombokombo kwa mkono mmoja.

"Ni mimi," Mwongeli akasema. "Nzioka alichota mwenyewe akidhani ni ya supu. Wewe hukuweka kitu. Ni mimi niliyekificha."

Obura alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua chupa ya chai mezani na kuitupa ukutani. Ikapasuka, chai moto ikawarukia wote wawili. Mwongeli hakuwahi kumwona hivyo, na hakurudi nyuma.

"Kajiado ulikuwa hunijui!" Obura akafoka. "Nikiwa mavi na damu, watu wote wakisema mwizi, wewe peke yako ukasema hapana. Sasa unanijua, umelala kifuani mwangu, na ukaniona mtu wa kulisha watu sumu! Vidole vitamea? Vitamea, Mwongeli?"

"Haviwezi kumea."

"Toka."

Akatoka. Hakujitetea, maana hakukuwa na utetezi. Siku zikapita akipasua vichwa vya mbuzi kwa nguvu hata Roda akamwambia mifupa inaingia kwenye supu. Simu ikilia alikuwa akiikimbilia, na kila mara alikuwa mtu wa kuni au wa maziwa. Alimpenda Obura na alijua kwamba amempoteza kwa mkono wake mwenyewe. Hayo mawili alilala nayo na kuamka nayo.

Kisha asubuhi moja, moto haujashika vizuri, ikaingia namba isiyo na jina ambayo aliijua kwa moyo.

"Leo ni nyeusi," sauti ya Obura ikasema. Nyuma yake malori yalikuwa yakipita, makubwa, moja baada ya jingine.

Mwongeli akatupa panga. "Uko barabarani?"

"Niko."

"Rudi nyuma hatua moja. Umerudi?"

"Sina uyoga. Sina vidole. Okoth hayupo. Sina..."

"Uko na mimi! Nitukane. Niambie mimi ni mwongo, nilikuamini nikiwa sikujui nikakukana nikikujua. Sema yote, lakini sema ukirudi nyuma." Alikuwa tayari anakimbia, aproni, gambuti na yote, simu sikioni, akivuka barabara bila kutazama. "Obura, nitukane!"

Akamtukana. Alimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kijaluo, akilia, na bado alikuwa akimtukana Mwongeli alipomrukia kwa nyuma na wote wawili wakaanguka mtaroni, mbali na lami. Honi ya lori ikawapita juu. Mwongeli alimshika shati kwa mikono miwili.

"Nilidhani uyoga ndio adui," akasema kifuani mwake. "Nikakunyang'anya nikakuacha na giza tupu. Tutatafuta daktari wa hayo mambo, na tutakwenda wawili. Siku ikiwa nyeusi unanipigia. Umesikia?"

"Umeniumiza goti," Obura akasema.

"Nitakuumiza lingine ukisimama hapa tena."

Akacheka, kicheko kibaya chenye makamasi, na akamkumbatia kwa mkono mmoja na nusu. Siku ileile Obura alikwenda polisi. Mwongeli hakumwomba, na akamwonya kwamba ukweli utamfunga yeye mwenyewe. Obura akaandikisha maelezo yote: uyoga ulikuwa wake, Nzioka aliunywa bila kujua, na siku ile hakuwa na akili zake. Mwongeli akaandikisha yake, kwamba ndiye aliyeuficha. Hakimu alisikiliza kwa muda mrefu. Obura akapewa kifungo cha nje kwa ajili ya uyoga, Mwongeli akapewa karipio lililomfanya atazame sakafu, na kesi ya Nzioka ikaisha kwa msamaha wa aliyejeruhiwa.

Wakakutana nje ya mahakama, Kajiado, mchana, upepo unavuma vumbi jeupe. Mbeke alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Omolo alikuja akijishika kiuno. Nzioka alisimama mbele ya Obura, mikono imening'inia, hajui aanzie wapi.

Obura akamtazama. Kisha akakunja mkono wa kulia, ule uliobaki na vidole vyote, akampiga ngumi ya mdomo. Lilikuwa pigo la mtu asiyejua kupigana, lakini alilitia kila kitu. Nzioka akayumba, akatema damu na kipande cha jino, akasimama tena palepale mikono chini, akingoja la pili.

La pili halikuja. "Nimemaliza," Obura akasema, akiuguza mkono.

"Basi," Nzioka akasema, mdomo umevimba, "lete mbuzi wengine, shemeji. Ile ntheo ilivunjika, haihesabiwi. Nitachinja na kisu butu, na supu nitakunywa hivyo hivyo."

Mwongeli alikuwa amekwisha kumshika Obura mkono wenye bandeji, kwa uangalifu, na kumgeuza kuelekea upande wa stendi.

"Wapi?" Mbeke akauliza.

"Kwake, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Naenda kukaa."

"Kabla ya ntheo ya pili? Bado hajaleta mbuzi! Watu watasema nini, mwanangu, umeenda bure?"

Mwongeli akasimama. Akaitazama ile bandeji, akaitazama damu ya kaka yake kwenye vumbi, akamtazama mama yake, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Ntheo inataka damu, mwaitu," akasema. "Ya huyu haitoshi?"

Mbeke akavua kanga ya mabegani, akamfunika nayo binti yake kichwani kwa sababu ya jua, na akawaacha waende.